Mtoko Ulioishia kwa Shikamoo

Jamani, mwanaume niliyetoka naye leo mchana kwa mara ya kwanza amenipa shikamoo.

Ana miaka thelathini na nne. Mimi ishirini na sita!

Tulikuwa hapa Musoma, hoteli ya ufukweni. Samaki sato mzima mezani, nami nakula kwa uma, kidogo kidogo kama mgonjwa. Viatu nimeazima kwa rafiki yangu Neema, vinanibana mpaka machozi.

Nikamuuliza kwao. Nyamuswa. Ukoo? Akataja ukoo wetu.

Uma ukanidondoka.

Akampigia baba yake, akaweka spika. Mzee akauliza jina la babu yangu, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo ni dada yangu! Mwamkie shangazi yako."

Kaka wa watu akasimama. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Akaketi tena.

Halafu akavua tai. "Shangazi, hii kitu ilikuwa inaninyonga."

Nami nikavua viatu, nikavuta kichwa cha sato nilichokuwa nakionea aibu, nikanyonya hadi macho. Raha!

Nyie ukoo mnaulizaga siku ya ngapi?

Tunaagana, akaniuliza kwa adabu: "Shangazi, huna rafiki asiye wa ukoo wetu?"

Ninaye. Tena nampelekea viatu vyake sasa hivi.