Siku Wanawake Walipokataa Kukaa

Harufu ya ukindu uliolowekwa maji haifanani na nyingine. Ni ya majani, na ndani yake mna kitu kama mvua inyeshayo mbali. Juzi niliinusa Matsangoni, kwa mama mmoja aliyekuwa akisuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, huku akingoja wateja, nami nikasimama pale mpaka mjukuu wangu akanivuta mkono. Vijana wa leo waniambia wanasusia vitu vya ng'ambo, wanunua vya nyumbani. Nawaambia vyema. Lakini wasidhani ni wao walioanza.

Kwetu Malindi mama yangu alikuwa msukaji wa mikeka. Ukindu aliletewa kutoka Kakuyuni, akauchemsha na rangi nyekundu na zambarau kwenye sufuria kuukuu, na alasiri wanawake wa mtaa wakaja barazani wasuke pamoja. Mikono yaenda, midomo yaenda. Mimi nililala kando ya kili zilizoviringwa kama magurudumu, na sauti zao zikawa mbali, mbali, kama za watu wasemao chini ya maji. Kwa mikeka ile tulipata unga na mafuta ya taa.

Ikaja mikeka ya plastiki kutoka ng'ambo. Ina picha za tausi, yang'aa, ukimwaga chai wapangusa tu. Watu wakaikimbilia. Mikeka ya mama ikabaki imesimama kwenye pembe za chumba kama wageni wasiokaribishwa. Ndipo wanawake wakala yamini barazani kwetu, mama akiwa wa kwanza: plastiki hatununui, na atakayeitandika kwenye shughuli yake, hatuikalii.

Aliyeitandika akawa shangazi yangu, dada yake baba, kwa harusi ya binti yake Zuhura. Chumba kizima tausi. Wanawake wakaja wamependeza, wanukia asumini, wakaingia, wakasimama. Hawakuondoka, wala hawakukaa. Ngoma yalia, wao wima.

"Wifi, kaeni," shangazi akasema. "Au leo mmekuja kulinda kuta?"

"Kuta zako nzuri, wifi," mama akajibu. "Sakafu ndiyo siijui."

Bibi mmoja mnene, magoti yamuuma, akaegemea mlango akanong'ona, "Yamini kama hii tungeila baada ya kupata viti." Wenzake wakacheka kwa pua.

Sasa, kwetu harusi ambayo wageni hawakukaa, aibu haimwendei aliyetandika. Humwendea bi harusi. Huambiwa ndoa yake haikutulia, na neno hilo humfuata hata akizaa. Zuhura alilijua. Alikuwa ameketi mbele yetu, mikono ya hina juu ya magoti, na machozi yakaanza kumteremshia wanja.

Mama akamtazama. Mimi nilikuwa nimeshika buibui lake, nikamsikia akivuta pumzi ndefu. Kisha akakunja miguu, akakaa. Juu ya tausi.

"Usilie, mwanangu," akamwambia. "Waharibu wanja."

Na wengine wakakaa, mmoja mmoja, taratibu, kama majani yaangukavyo siku isiyo na upepo.

Nilidhani mama ameshindwa. Mtaa nao ulidhani hivyo. Wakamwita Mama Tausi, naye akaendelea kusuka. Plastiki haikuingia nyumbani kwetu hadi anakufa. Ila harusi zilizofuata zote zilitandikwa plastiki, maana nani angekatazwa tena? Tulikula muhogo sana mwaka ule.

Alasiri moja shangazi akaja barazani. Ya harusi hakuyataja. Akachukua ukili ambao mama aliuacha nusu, vidole vyake vikaanza kwenda.

"Wifi, umeubana mno," akasema.

"Basi ulegeze wewe."

Hayo ndiyo yote waliyosemezana.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nina mawifi na wakwe zangu. Kususia kitu mtu aweza kujifunza hata kwa jirani. Mahali pa kukomea, hapo kila mtu hupatafuta mwenyewe, tena mbele za watu, na hana muda wa kufikiri. Mama hakukaa kwa kuchoka, wala kwa kuona haya. Alijua kwamba akikaa, wote watakaa, na mikeka yake haitanunuliwa tena. Alijua kuwa chini yake pale palikuwa na unga wetu. Akakaa.