Shikamoo na Televisheni ya Chogo

Nakumbuka Jumamosi moja pale Mikumi, mwanangu, siku niliyokaribia kumharibia shangazi yangu biashara kwa neno moja nililokataa kulitamka.

Shangazi Zuhura alikuwa na mgahawa kando ya barabara kuu, malori ya Iringa yanapopumzika. Madereva walikula huku wakitazama mpira. Kisha mitambo ya zamani ya analojia ikazimwa nchi nzima, televisheni yake ya chogo, ile nene ya zamani, ikabaki kuonyesha chenga tupu, na madereva wakahamia kwa jirani. Ndipo akanunua king'amuzi. Jumamosi hiyo ilikuwa mechi ya watani wa jadi, naye akapika sufuria mbili kubwa za pilau. "Mwanangu wa chuo kikuu yupo," aliwatangazia madereva. "Saa kumi picha itakuwa tayari."

Nilikuwa likizo, kichwa kimejaa midahalo. Nilikuwa nimeamua kwamba shikamoo, yaani "nashika miguu yako", ni salamu ya watumwa, nami sitaitoa tena. Kwa hiyo nilipomkuta Mzee Athumani, fundi wa mawasiliano aliyestaafu reli ya Kilosa, akinywa chai kwenye kona, nilimwambia tu, "Mambo vipi, mzee?" Alinitazama, akarudia kikombe chake.

King'amuzi kilikuja na waya wa vichwa vitatu: njano, nyekundu na nyeupe. Televisheni ile ilikuwa na tundu moja tu, la antena. Niliigeuza, nikaipiga vibao mgongoni, mwisho nikakata kichwa cha njano kwa meno na kuuchomeka waya mtupu kwenye tundu lile. Chenga.

"Msomi," dereva mmoja akaniuliza, "tuitazame hiyo chenga mpaka dakika ya tisini?" Wenzake wakacheka, wakaanza kuinuka.

"Shangazi, hii imekufa," nikasema. "Haiwezi dijitali."

Alikuwa akizitazama sufuria zake, na uso wake ndio ulionivunja. Nikaenda kwenye kona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, uliza."

Akaniambia nichukue ule waya wa zamani wa antena, ncha moja niichomeke kwenye tundu la nyuma ya king'amuzi, ya pili kwenye televisheni, kisha nitafute chaneli polepole. Chenga zikapungua, mstari ukapita, uwanja wa kijani ukatokea. Lakini nusu ya viti vya mgahawa vilikuwa vitupu.

"Ulijua tangu mwanzo?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Ukanyamaza, shangazi akose wateja, kisa salamu?"

"Penye wazee haliharibiki neno. Wewe hukuona kwamba hapa pana mzee."

"Limeharibika, mzee. Nawe ulikuwepo."

Shangazi akashika mdomo. Mzee akatikisa kichwa. "Hapo umenishika." Akainuka na fimbo yake, akavuka barabara mwenyewe kuwaita madereva. Walirudi wachache. Sufuria ya pili tuliigawa kwa majirani, na shangazi hakuzungumza nami mpaka kesho yake.

Mwanangu, sijamaliza kubishana na salamu ile. Asili yake bado inanikera, na nikipata wa kujadiliana naye hadi leo siachi. Lakini mzee wa watu hakuja pale kuwa mada ya mdahalo wangu. Alikuja kunywa chai. Mimi nilimnyima heshima anayoijua, nikajinyima elimu nisiyokuwa nayo, na aliyelipia ni mwanamke aliyeamka alfajiri kupika. Mficha uchi hazai, na mwenye kiburi hazai mara mbili.

Kwa hiyo hoji. Hoji wazee, vitabu, hata maneno yangu haya. Ila msalimie mtu kwa salamu inayomfikia, kisha mbishane mkiwa mmeketi. Na ikiwa wewe ndiye unayejua, usingoje kushikwa miguu ndipo ufungue kinywa, huku mwenzako anaungua.

Mungu akujalie maswali yasiyokwisha, na watu wa kuyajibu wasikukimbie.