Neno la Kaburini

Madamu Elina wa Bulyaga alistaafu ualimu wa Kiswahili, akafungua ofisi ya kazi ambayo Tukuyu nzima haikuwahi kuisikia: wakala wa waandishi. Ukiandika hadithi unampelekea yeye. Anaisoma, anaichapa kwenye kompyuta, kisha anawasumbua wachapishaji wa Dar es Salaam mpaka waikubali au wamchoke. Kwa miaka tisa alitoa vitabu sita vya watu. Riwaya yake mwenyewe aliituma mara nne, na mara nne ikarudi na maneno yaleyale: lugha safi, lakini haigusi.

Haigusi! Yeye aliyewafundisha watoto wa watu mkato na nukta!

Ndipo akaingia Tusajigwe, nesi wa zahanati huko Ikuti, na daftari lililolowa mvua.

"Madamu, sijui hata kama ni hadithi. Nimeandika tu."

Elina alianza kusoma kwa dharau, kalamu nyekundu mkononi. Kufika ukurasa wa kumi, kalamu ameshaiweka chini. Katika hadithi ile, mwanamke na mama mkwe wake wamenuniana miaka mitatu ndani ya nyumba moja. Mtoto mchanga wa yule mwanamke anafariki, na kaburini mama mkwe anamsogelea, anamwambia neno moja tu: "Ndaga." Basi, imekwisha. Elina alilia, na machozi hayajakauka wivu ukamwingia. Huyu hajui hata nukta inawekwa wapi, akapewa kipaji hiki. Mimi je?

Sasa ndaga, kwa Wanyakyusa, ni asante, na ni pole pia. Elina, Mnyakyusa mzaliwa wa Nkunga, alijua fika ni ipi iliyosemwa pale kaburini. Akachapa: "Asante." Alitaka iharibike. Alitaka na hiyo irudi.

Haikurudi. Wiki ya tatu mhariri, Cosmas, alipiga simu akiwa amepagawa.

"Madamu, hiyo asante ya mwisho! Bibi anashukuru mtoto kufa! Nywele zimenisimama. Tunakichapa."

Elina alikata simu. Neno lake pekee lililowahi kusifiwa lilikuwa ndani ya kitabu cha mwenzake, na asingeweza kulidai bila kujiumbua.

Nakala ya kuhakiki kabla ya kuchapwa ilipofika, Tusajigwe aliisoma palepale ofisini mpaka mstari wa mwisho. Hakupandisha sauti.

"Madamu, yule mtoto alikuwa wangu. Mama mkwe alinipa pole, na siku ile ndipo tulipopatana. Kitabu hiki nilitaka nikamsomee yeye."

Elina angeweza kumsingizia mhariri. Jina la Cosmas lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Mimi ndiye niliyebadilisha," alisema. "Nilikuonea wivu, mwanangu. Mpaka sasa ninakuonea."

Akachukua simu mbele yake, akaomba neno lirudishwe kama lilivyokuwa. Cosmas alilalamika weee, mwisho akakubali.

"Lakini niambie, Madamu, ile asante iliandikwa na nani? Huyo mtu ana kitu. Aniletee kazi yake, nitaisoma mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri miaka tisa. Akamtazama Tusajigwe, aliyekuwa ameinama juu ya ule ukurasa akijifuta macho kwa kitenge.

"Hakuna mtu," Elina akajibu. "Nilikosea kuchapa."