Yukari Alivyotunzwa Morningside

Msinicheke. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye taarabu, na kwetu mwimbaji akikugusa moyo huwezi kukaa kitini umekunja mikono. Unainuka, unamfuata palepale jukwaani, unamtunza kwa pesa au hata kwa khanga yako. Sasa nani aliniambia kwamba Durban mambo ni mengine?

Yukari alikuwa Mjapani, jirani yangu pale Durban, mtaa wa Overport, na mimi ndiye niliyemshonea nguo zake nyeusi za jukwaani. Tangu usichana wake huko Osaka aliimba metali, ule muziki wa magitaa kunguruma na mtu kupiga ukelele kama kaona mwizi. Kamwili kadogo, lakini sauti, we! Mwaka tisini na sita mumewe, Bwana Tamura, aliletwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari upande wa Isipingo. Yukari akaja naye, akaunda bendi na Brandon, mwanafunzi wa Kikenya mpiga gitaa. Miaka miwili wakahangaika, hakuna ukumbi uliowataka. Mkataba wa Tamura ukaisha. Akamwambia mkewe: Jumapili hii mnajaribiwa kwenye ukumbi wa Morningside, mwenye ukumbi akiwakubali, wewe baki; akiwakataa, Jumatano tunapanda ndege wote wawili, na kuimba basi.

"Mama Japhet, leo tukianguka tumeisha," Brandon akaniambia mchana wa Jumapili ile. Nikamwonea huruma.

Ukumbi ulijaa vijana wa nywele ndefu. Wimbo wa kwanza, kimya. Wa pili, mmoja akazomea, wenzake wakaangua kicheko. Mwenye ukumbi akatazama saa yake. Tamura alisimama mlangoni na suti yake ya kazini. Hasira zilinipanda, nilitamani kumzaba mtu kibao!

Wa tatu Yukari alimtungia mama yake, aliyefariki yeye yuko huku, akashindwa hata kwenda kumzika. Brandon alikuwa ameshanieleza maana ya maneno ya wimbo huo. Yukari akaanza chini chini, kisha akaachia ukelele, Mungu wangu, machozi yakanitoka. Nikavua khanga yangu, huyoo mpaka jukwaani, nikamfunika mabega.

Mlinzi akadhani namvamia. Akanivuta, mguu wangu ukanasa kwenye waya, waya ukachomoka ukutani. Magitaa na maikrofoni vikazima pamoja. Eish! Brandon akajishika kichwa. Nikajua nimemponza mtoto wa watu.

Yukari hakunyamaza. Akaitupa maikrofoni, akaendelea kwa koo tupu, mishipa imemsimama shingoni. Wale vijana waliacha kucheka. Wakasogea mbele, wakaanza kumpigia mdundo kwa miguu.

Mimi nilishatupwa mlangoni, karibu na Tamura.

"Ile khanga ya nini?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Mtu akikugusa moyo, unamtunza," nikamfokea. "Wewe mumewe hajakugusa?"

Akavua koti lake, akapenya katikati ya vijana, akapanda, akamwekea mkewe mabegani juu ya khanga yangu. Mlinzi hakuthubutu kumshika. Yukari akaimba huku analia.

Mwenye ukumbi akawapa wapige pale kila Jumamosi. Jumatano tulimsindikiza Tamura uwanja wa ndege, akaondoka peke yake. Yukari alifungua mdomo kumuaga mumewe, na sauti haikutoka. Alikuwa ameimaliza yote ukumbini.