Sindano ya mdomo aliyodungwa dada yangu Garissa siku chache kabla ya harusi

Assalamu aleikum wakuu. Na wale wa salamu nyingine, hamjambo.

Mimi humu huwa nasoma tu. Shule niliishia darasa la nane na naandika polepole, kwa hivyo mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu na mwenyewe ameniruhusu niyaseme. Nimebadilisha jina lake tu.

Ilikuwa miaka ya tisini, Garissa, mtaa wa Waberi. Dada yangu, tumwite Hodan, alikuwa anaolewa. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mwenye haya mpaka wageni wakija najificha jikoni.

Binamu za bwana harusi walikuja kumwona, wakaanza utani. "Mdomo wa chini tumeuona. Wa juu umebaki Mandera?"

Hodan alicheka na wenzake. Jioni nikamkuta na kioo, anauvuta ule mdomo kwa vidole.

Kulikuwa na mama mmoja mgeni kutoka Nairobi, akiuza manukato na vitambaa vya harusi. Alisema aliwahi kuwa nesi ng'ambo na ana dawa ya kujaza midomo. Neno filler hatukulijua. Sisi tuliita sindano ya mdomo, basi.

Alimdunga mchana, chumbani kwetu. Mimi ndiye niliyeshika kioo. Chupa ilikuwa ndogo, haina hata karatasi ya jina. Nilitaka kuuliza ni nini, ulimi ukakataa.

Yule mama alipotoka, Hodan akanishika mkono. "Abaayo, mdogo wangu, mtu akiuliza sema nyuki."

Sasa kwetu bibi harusi hukaa ndani akipakwa qasil, ule unga wa majani wa kijani, ili uso ung'ae. Saa ile ile akina mama wakaja wakampaka uso mzima. Rangi ya ngozi haikuonekana tena.

Hodan akasema anaumia. Wakamcheka. "Haya, ndoa imeanza kuuma mapema!"

Mimi sikucheka.

Walipomwosha, mdomo wa juu upande wa kushoto ulikuwa umepauka kama majivu. Kutoka hapo mpaka karibu na pua kulikuwa na mistari ya zambarau, kama wavu, na mdomo umevimba. Hodan akawaambia ni nyuki.

Bibi yetu, ayeeyo, alikuwa ametoka Rhamu, kule kwetu Mandera, kuja harusini. Ni mtu wa mifugo, na kwake uvimbe dawa yake ni chuma cha moto. Amechoma ngamia, amechoma wajomba zangu. Akatia chuma kwenye jiko la udi.

"Nyuki gani huyu," akauliza, "ameacha mashavu yote haya akachagua mdomo?"

"Ni nyuki, ayeeyo," Hodan akasema.

"Basi mshikeni kichwa."

Mama yetu akashika kichwa. Mimi nikaambiwa nishike miguu. Chuma kilikuwa chekundu tayari. Hodan akanitazama, na wakuu, sijui macho yale yalisema ninyamaze au nimwokoe.

Nikaiachia ile miguu. Nikasema, "Si nyuki. Ni sindano."

Ayeeyo akasimama na chuma mkononi. "Sindano ya nini?"

"Ya kujaza mdomo."

"Kuujaza? Ulikuwa na shimo?"

Akatumbukiza chuma kwenye ndoo ya maji. "Wallahi, mimi nachoma ninachokijua. Mpelekeni hospitali."

Daktari hakutugombeza. Aliuliza swali moja tu: "Amedungwa kitu gani?"

Yule mama alishapanda basi la Nairobi na chupa yake.

Daktari alisema huenda dawa imeziba mshipa wa damu, na bila kujua ni dawa gani hawezi kutuahidi kitu. Akafanya alichoweza. Kipande kidogo cha mdomo kilikufa. Miaka ya baadaye vinundu vikatokea, madaktari wakasema inaelekea ni silikoni, na hiyo haiyeyuki.

Harusi iliahirishwa, lakini ilifanyika. Mume wake ni mtu mwema. Binamu hawakurudia ule utani.

Mbona nayasema leo? Binti wa Hodan yuko Nairobi na anataka filler. Hodan akaniambia, "Mwambie wewe. Siku ile wewe ndiye uliyesema."

Nilimwambia hivi. Sikukatazi. Ila jua jina la kitu kabla hakijaingia mwilini, na pakiti ifunguliwe mbele yako. Siku hizi ipo aina ya hyaluronic acid ambayo huyeyushwa ikileta shida, lakini uliza kama dawa ya kuiyeyusha iko hapo hapo, na kama anayekudunga ni daktari kweli. Ngozi ikipauka au ikawa zambarau, maumivu yakizidi, au macho yakaona giza, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usifunike kwa qasil wala makeup. Na usimwambie mtu ni nyuki.

Bado hajaamua. Nangoja simu yake.

Hodan hana hisia upande ule wa mdomo mpaka leo. Akinywa chai, tone hushuka na yeye hajui. Mbele ya wageni mimi hukaa mkabala naye, nikamwonyesha kwa jicho tu, akapangusa. Sijifichi tena jikoni.

Wakuu, kama kuna aliyedungwa au anayetaka kudungwa, tuzungumze hapa chini. Nitajibu, ila polepole.