Siku Baba Alipokula Majivu

Enzi zetu kule Endebess, ungevunja kikombe cha wageni ukasamehewa, lakini ole wako umwage majivu ya mama. Alikuwa na debe lake nyuma ya jikoni, limefunikwa kwa bati, na juu ya bati jiwe. Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kuyazoa mekoni na kuyapeleka huko kama mtu anayepeleka sadaka.

Wale tuliokua pamoja mnajua yalikuwa ya nini. Ya kusugua sufuria. Ya kunyunyizia sukuma wiki zikivamiwa na vidukari. Ya kuchanganya na maharagwe ya mbegu ili fukusi wasiyatoboe. Kuku wakishikwa na utitiri, majivu. Choo kikianza kunuka, majivu. Hata shuleni tulitakiwa kuyapeleka kila Ijumaa kwa ajili ya vyoo, na ndugu yangu Kimani siku moja aliyabeba kwa mfuko wa karatasi uliotoboka, akafika mbele ya mwalimu ameshika mshikio mtupu, na nyuma yake mstari wa kijivu kutoka shuleni mpaka nyumbani. Mwalimu alimwambia afuate mstari arudi kuleta mengine.

Baba ndiye hakuyapenda. Alikuwa ametoka Nyeri kuja kulima mahindi Trans-Nzoia, na alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Alipangusa kiti kwa leso kabla ya kukalia, hata kiti cha kanisani. "Majivu ni uchafu umeshaungua," alikuwa akisema. "Sasa mnasafisha uchafu na uchafu?"

Jirani yetu Mama Nafula, ambaye kwao ni Kamukuywa, ndiye aliyemfundisha mama kutengeneza munyu. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu yake unayaweka kwa mkebe uliotobolewa chini, unamimina maji polepole, na chini yanadondoka maji ya rangi ya chai. Hayo ndiyo munyu. Unapikia mrenda, ile mboga ya majani, nayo inalainika na kuteleza mpaka inashuka kooni yenyewe bila kuombwa.

Siku moja baba aliukuta ule mkebe ukidondoka. "Hiyo chai ni ya nani?"

"Si chai, Baba Njeri," Mama Nafula akamwambia. "Ni munyu ya kupikia mboga."

"Na imetoka kwa majivu?"

"Ndio."

Baba alicheka mpaka akatoa leso. "Sikia, Mama Nafula. Siku mtaniona nimekula majivu, hiyo siku nitaosha sufuria zote za hii boma na hii mikono yangu."

Enzi hizo, baba wa mtu kuosha sufuria ilikuwa kama kuona ng'ombe akiendesha baiskeli. Mama hakujibu neno. Sisi watoto tulijua mama akinyamaza hivyo, kuna kitu kinapikwa.

Na kweli kilipikwa. Mrenda ilianza kuonekana mezani, na baba akaanza kuisifu. Akaipa jina, "mboga yangu". Alimaliza sahani na kuisogeza mbele tena. Kimani alipotaka kucheka, mama alimkazia macho na kumwambia lile neno lake, "Mdomo uliojaa chakula hausemi," akamwongezea ugali.

Kisha wazee wa kanisa wakapanga kututembelea. Walitaka kumwona baba nyumbani kwake kabla ya kumfanya mzee mwenzao, jambo alilolitamani kwa miaka. Mama alichinja jogoo, Mama Nafula akaja kusaidia kupika, na baba mwenyewe, kwa mdomo wake, akaagiza, "Msisahau ile mboga yangu."

Kati ya wageni alikuwepo Mzee Wafula wa Bumula, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alionja mrenda, akafumba macho.

"Mama, hii mlenda umepika kama mtu wa kwetu kabisa. Munyu umetoa kwa maganda ya mahalagwe, ama?"

"Ya maharagwe, mzee," mama akajibu, ameshika jagi la maji ya kunawa.

Mkono wa baba ulisimama hewani na tonge lake, uzi mrefu wa mrenda ukining'inia kutoka vidoleni hadi kwenye sahani.

"Mama Njeri. Hii kitu nimeikula tangu lini?"

"Tangu ile siku ulianza kuongeza."

Mama Nafula akachungulia kutoka jikoni. "Baba Njeri, sufuria ziko tayari."

Wageni wakataka kuelezwa, naye akawaeleza, na kuongeza chumvi yake. Mwenyekiti wa wazee, mtu asiyecheka ovyo, akapangusa mdomo na kusema, "Mzee wa kanisa ni mtu wa neno lake."

Baba alimaliza ugali kwanza. Kisha akakunja mikono ya shati lake jeupe, akatoka nje.

Kimani alishakimbia kutangaza, na kabla hata maji hayajaletwa, majirani walikuwa wamejaa uani kama siku ya mazishi, ila walikuwa wanacheka. Baba aliyachota majivu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa. Akasugua kidogo kwa nyasi. Masizi yakatoka. Akasugua tena. Akaigeuza ile sufuria juani, akajiona uso.

"Njeri," akaniita kwa sauti ya chini, "lete ile ingine."

Alizimaliza zote, akaingia jikoni kutafuta zile ambazo hazikuwa zimetumika. Wazee walipotaka kufunga kwa maombi, aliwaambia waendelee tu, anasikia. Waliomba wamefumba macho huku sufuria ikilia kwaru, kwaru, na "Amina" ya baba ilitoka akiwa amechuchumaa.

Alipewa uzee wa kanisa. Na alipoyapenda majivu, aliyapenda vibaya. Alinyunyizia sukuma wiki mpaka zikaota mvi. Alipaka jogoo mpya Jumapili asubuhi, jogoo akaenda kujikung'utia kwenye suti yake. Akajaribu na meno, akasimama kusoma matangazo kanisani midomo yote ya kijivu.

Siku hizi ninaishi Kitale mjini, ghorofani. Juzi binti yangu alikuja na dawa ya meno nyeusi kama lami. "Mum, ni ya makaa, bana. Inang'arisha." Ameinunua! Mdogo wake ana mimea mitatu kwenye mikebe ya veranda, naye amenunua mbolea ya majivu, kapakiti kadogo kenye picha ya jani. Nilipomwambia bibi yake alikuwa na debe zima, aliniuliza, "Ati alikuwa anaiagiza wapi?"

Mrenda bado ninapika, kwa magadi ya dukani. Na gesi ni nzuri, sikatai. Unawasha, unapika, unazima. Lakini nikiingia jikoni asubuhi, meko ni baridi na safi, hakuna dalili kwamba jana kulikuwa na watu hapa wakila na kunyang'anyana ukoko. Kule Endebess ungeingiza mkono kwenye majivu ya jana, na chini kabisa ungekuta bado yana joto.