Nilimsomea Tonton barua ambayo haikuwa kwenye karatasi

Kosa ni langu. Kwa miaka mingi watu wengine niliwaambia ni la kompyuta, nao waliniamini, sababu wakati ule wa vita kila kitu Kisangani kilikuwa kinaharibika.

Nilifanya kazi kwa Tonton Saidi, yaani mjomba kwa heshima tu, mwanaume aliyefiwa na mke, mwenye duka la kuchapa barua. Posta ilikuwa imekufa, basi watu walikuja kwetu: barua ya pole, ya salamu, ya posa. Nikamtengenezea programu. Unachagua aina, unaingiza majina, barua inatoka.

Mifano ya barua niliifungia ndani ya programu yenyewe, mtu asije akaifuta. Programu inauita mfano kwa jina lake, inafungua mkondo, yaani njia ya kuvuta maneno yake, inausoma mstari kwa mstari. Mfano ukikosekana, mkondo unarudi mtupu, na hapo programu ilipaswa kusimama na kusema haukupatikana.

Mimi nikaona hiyo haina raha. Nikaficha humo faili moja la mchezo: mkondo ukirudi mtupu, lisomwe hilo. Ilikuwa barua ya mwanaume anayejisifu. "Mimi nakoroma mpaka majirani wanahama. Wageni wakija, sukari naificha." Nilikuwa nimemwandika Tonton mwenyewe! Nilicheka peke yangu siku nzima.

"Bon," Tonton akaniambia asubuhi moja, "leo iko barua yangu miye."

Alitaka kumposa Zaina, muuza samaki wa Ubundu. Barua iende kwa kaka yake Zaina. Nikachapa. Miwani ya Tonton ilivunjika siku za mabomu, akasema, "Nisomee."

Mfano wa posa nilikuwa naujua kwa kichwa. Nikashika karatasi, nikatiririka bila kuitazama, macho yangu kwa dada mmoja aliyekuwa anapita nje. Tonton akatabasamu, akatia sahihi. Treni ya Ubundu ilikuwa imesimama sababu ya vita, karatasi ikaenda na mtu wa baiskeli.

Kumbe faili la posa nililiandika kwa P kubwa, na programu ililiomba kwa p ndogo. Mafaili yakiwa kwenye folda, mashine yangu haikujali. Yakishafungwa ndani, herufi moja inatosha kulikosa, na posa ya Tonton ilikuwa ya kwanza tangu niyafunge.

Baada ya wiki mbili mwanaume akaingia dukani, matope mpaka magotini. Alikuwa kaka yake Zaina. Akaisoma barua mbele ya wateja wote. Alipofika kwenye sukari, mama mmoja aliyekuja kwa barua ya pole alicheka mpaka akakaa chini.

"Iko kweli unakoroma?" kaka akauliza.

"Kidogo," Tonton akajibu.

"Na sukari?"

Tonton akalisukuma kopo la sukari chini ya meza.

"Donc iko kweli."

Tonton akanigeukia. Nikasema, "Ni mashine, Tonton. Ni courant, umeme umeruka."

Kaka akakunja karatasi, akaenda zake. Ningeweza kumwita. Sikumwita.

Wiki nzima sikulala vizuri, mwishowe nikamwambia Tonton ukweli. Hakupiga kelele. Alinisukumia baiskeli yake. "Ubundu iko kule."

Siku nne kwenye matope, nikiisukuma zaidi ya kuipanda. Nikasimama mbele ya Zaina na kumweleza yote, mpaka ile P. Alicheka sana, akafuta machozi, akanipa samaki na lituma, ndizi za kuponda.

"Ungekuja wiki iliyopita," akasema. "Nimeshamwitikia mwingine. Mwambie Tonton, kukoroma ningezoea."

Nilimfikishia maneno hayo vilevile. Tonton akavuta kiti. "Alors, leta karatasi." Akanitajia barua ya kuwapongeza maharusi, mimi nikachapa. Ilipotoka, hakunipa mimi nimsomee. Alimpa mteja.

Faili lile la mchezo nililitoa siku hiyohiyo. Kazini hakunifukuza, na hilo liliniuma zaidi.

Ninyi mnaoandika programu, nawaomba: kitu kikikosekana, iacheni iseme kimekosekana. Msijaze utani pale. Na ukishakosea, sema palepale, kaka wa mtu akiwa bado mlangoni.